Foleni za Barabarani: Hesabu Inatuambia Nini?

Na Mratibu wa Miradi

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kukuta makala ya foleni za magari katika jarida ambalo kwa kawaida hukuletea habari za visima, zahanati na vikundi vya kuweka na kukopa. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba dawa za zahanati zetu na pampu za visima vyetu hupita Dar es Salaam kabla ya kutufikia, na wagonjwa wetu wa rufaa hupita njia hiyo hiyo kwenda Muhimbili. Kwa hiyo saa zinazopotea katika kuingia na kutoka jijini zinatuhusu hata sisi tunaoishi mbali nalo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Barabara inapopanuliwa, kuna mtu anayehamishwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na waliokuwa wakiishi humo wanajua maana ya alama ya X nyekundu ukutani. Miji mingine inakua na yenyewe, na maamuzi ya aina hiyo yataifikia. Wananchi huitwa kwenye mkutano, mtaalamu akaonyesha michoro ya rangi, akasema "modeli imeonyesha" kwamba baada ya miaka 20 magari yatakuwa mengi kiasi fulani, kisha akauliza kama kuna swali. Mara nyingi hakuna. Si kwamba watu hawana la kuuliza. Hawajui modeli ni mdudu gani.

Nia ya makala hii ni kumweleza mdudu huyo, kwa hesabu za kuzidisha na kugawanya tu.

Modeli ya hisabati si jambo geni kwa mama yeyote aliyewahi kupika wali wa harusi. Wageni ni 300, kilo moja ya mchele inatosha watu wanane, basi zinahitajika kilo 38. Hiyo tayari ni modeli. Wageni wakija na watoto wao na chakula kikapungua, hesabu ya kugawanya haikukosea. Kilichokosewa ni dhana kwamba kila kadi ni mtu mmoja. Modeli za barabarani ziko hivyo hivyo. Hesabu zake kwa kawaida ni sahihi, na kompyuta haichoki kuzifanya. Penye mgogoro ni kwenye dhana zilizoingizwa mwanzoni.

Barabara ina kilele chake

Katikati ya miaka ya 1930 mhandisi wa Marekani aitwaye Bruce Greenshields alitumia kamera ya sinema kupiga picha za magari barabarani katika jimbo la Ohio. Kwa kulinganisha picha moja na iliyofuata aliweza kujua gari limesogea umbali gani, hivyo akapata mwendo wake. Kwa kuhesabu magari yaliyomo katika kipande kile cha barabara alipata wingi wake. Alichokiona kila dereva anakijua: magari yakizidi, mwendo unapungua. Jipya lilikuwa ni kuliandika jambo hilo kama mstari ulionyooka kwenye grafu, ili liweze kukokotolewa.

Tujaribu kwa namba nyepesi nilizochagua mwenyewe kwa ajili ya mfano. Chukua mstari mmoja wa magari katika barabara ya mjini. Barabara ikiwa tupu, dereva anakwenda kilometa 60 kwa saa. Ikijaa kabisa, magari yamesimama bampa kwa bampa na yako 120 katika kilometa moja, yaani kila gari pamoja na upenyo wake linachukua mita nane na kidogo. Kati ya hali hizo mbili, kila yanapoongezeka magari mawili katika kilometa, mwendo unapungua kwa kilometa moja kwa saa.

Sasa simama pembeni uhesabu magari yanayokupita kwa saa. Idadi hiyo, ambayo wataalamu huiita mtiririko, hupatikana kwa kuzidisha wingi wa magari katika kilometa kwa mwendo wake. Magari yakiwa 20 katika kilometa, mwendo ni 50, na yanayopita ni 1,000 kwa saa. Yakiwa 60, mwendo ni 30, na yanayopita ni 1,800. Yakifika 100, mwendo unashuka hadi 10, na yanayopita yanarudi kuwa 1,000. Yakifika 120 hakuna linalopita.

Namba hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Barabara ile ile, lami ile ile, inapitisha magari 1,000 kwa saa katika hali mbili tofauti: katika ya kwanza kila mtu anakwenda kilometa 50 kwa saa, katika ya pili kila mtu anatambaa kilometa 10 kwa saa. Na kilele chake, magari 1,800, kiko katikati. Kabla ya kilele, gari linaloongezeka linaongeza kazi inayofanywa na barabara. Baada ya kilele, kila gari linaloongezeka linaipunguza. Mtu hutazama foleni ya Mwenge au Buguruni akasema barabara imeelemewa, akidhani inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Kwa kweli saa ile ambayo watu wengi zaidi wanaihitaji, barabara inafanya kazi pungufu ya uwezo wake.

Watafiti waliokuja baadaye waligundua kwamba mstari wa Greenshields haujanyooka hivyo katika hali halisi, na leo maumbo mengine hutumika. Kilima hakijaondoka. Hata ile 1,800 si mbali na ukweli: ni sawa na gari moja kila sekunde mbili, na sekunde mbili ndiyo nafasi ambayo walimu wa udereva husisitiza tuiache mbele yetu.

Mafuriko yanayorudi nyuma

Mwaka 1955 wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, James Lighthill na Gerald Whitham, walitoa makala yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu mwendo wa mafuriko katika mito mirefu. Ya pili ilihusu magari katika barabara ndefu zilizojaa. Mwaka uliofuata Mmarekani Paul Richards alifikia jambo hilo hilo akiwa peke yake. Kiini chake ni sheria ambayo hata mweka hazina wa kikundi anaifahamu: kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho kilichobaki. Gari haliyeyuki barabarani.

Mbele kuna tofauti na mto. Maji ya Msimbazi yakijaa, kimo cha mafuriko husafiri kuelekea Jangwani na baharini, upande ule ule yanakokwenda maji. Foleni huelekea kinyume. Magari yanakwenda mbele, lakini mkia wa foleni unarudi nyuma kuwafuata wanaokuja. Katika mfano wetu, magari 1,000 kwa saa yanakuja kwa mwendo wa 50, na mbele barabara imefungwa kwa lori lililokatika ekseli. Baada ya dakika sita yamefika magari 100, na katika kilometa ya mwisho yalikuwamo 20 tayari. Jumla ni 120, ndiyo kilometa moja iliyojaa. Mkia umerudi nyuma kilometa moja kwa dakika sita, sawa na kilometa 10 kwa saa. Mkia huo utafika mahali palipo kilometa tano nyuma baada ya nusu saa, na ambaye bado hajafika hapo, kama angepata habari, angeweza kupita njia nyingine.

Lori ni jambo kubwa. Tuchukue dogo. Daladala mbili zinashusha abiria barabarani kwa sababu kituo kimejaa wafanyabiashara, na mstari uliokuwa unapitisha magari 1,800 unapitisha 1,200 tu. Hali hiyo inadumu nusu saa ya asubuhi, huku magari yakiendelea kufika 1,800 kwa saa. Katika nusu saa hiyo yamefika 900, yamepita 600, yamebaki 300. Ukiyapanga bampa kwa bampa ni kilometa mbili na nusu. Kisha mgambo anakuja, kituo kinafunguka, na barabara inarudi kupitisha 1,800. Lakini sasa ni saa mbili na nusu asubuhi na magari bado yanafika 1,500 kwa saa. Barabara inapunguza foleni kwa magari 300 tu kwa saa, kwa hiyo inahitaji saa nzima kuimaliza. Kizuizi cha nusu saa kimezaa foleni ya saa moja na nusu, na kwa saa nzima ya hizo kizuizi chenyewe hakipo. Ndiyo maana unasota weee, unafika mbele unakuta barabara nyeupe na hakuna ajali wala trafiki. Ulikuwa unalipa deni la waliotangulia.

Mfano huo una gharama yake. Foleni ilianza sifuri, ikafika magari 300, ikarudi sifuri kwa muda wa saa moja na nusu, hivyo kwa wastani magari 150 yalikuwa yanasubiri muda wote huo. Hizo ni saa 225 za magari. Kama ndani ya kila gari kwa wastani mna watu 10, maana daladala nazo zimo, zimepotea saa 2,250 za watu kwa sababu ya kituo kimoja, asubuhi moja. Sijawahi kuona bajeti ya halmashauri yenye fungu la kulinda nafasi ya kituo cha daladala, ingawa kazi hiyo haihitaji kubomoa nyumba ya mtu.

Foleni isiyo na mwenyewe

Kuna foleni nyingine ambayo haina hata kituo wala lori. Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani na wenzake waliwaweka madereva 22 katika mzunguko wenye urefu wa mita 230, wakawaomba waendeshe kwa mwendo mmoja wa kama kilometa 30 kwa saa. Hapakuwa na taa wala tuta, na kila mtu alijua la kufanya. Baada ya muda mfupi tofauti ndogo ndogo za madereva zilianza kukua, baadhi ya magari yakasimama kabisa, na kundi hilo la magari yaliyosimama likawa linasafiri kurudi nyuma kwa kama kilometa 20 kwa saa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Hakuna dereva aliyefanya kosa la kuandikiwa faini. Mmoja alikanyaga breki kidogo, wa nyuma yake akakanyaga zaidi, wa nyuma yake tena zaidi.

Modeli inayoeleza jambo hili inafanana na mchezo wa bao, na msomaji mwenye vijana wa Sunday school waliokosa la kufanya anaweza kuijaribu. Ilitolewa mwaka 1992 na Wajerumani wawili, Kai Nagel na Michael Schreckenberg. Barabara inakatwa vipande vya mita saba na nusu, kama mashimo ya bao, ila kila shimo huingia kete moja tu. Kila zamu, kila kete inaruhusiwa kuongeza mwendo kwa shimo moja zaidi ya zamu iliyopita, mpaka mashimo matano. Hairuhusiwi kuruka iliyo mbele yake, kwa hiyo nafasi ikiwa ndogo inapunguza. Kisha inapigwa kura: baadhi ya kete zinapunguza shimo moja bila sababu yoyote, kama dereva anayetafuta chenji au anayesoma ujumbe kwenye simu. Halafu zote zinasogea kwa pamoja. Chora mashimo 40 sakafuni kwa mduara, weka punje tano za maharage, na punje zitakimbia. Weka punje 15, na baada ya zamu chache utaona makundi yaliyokwama yakirudi nyuma kinyume na mwendo wa punje zenyewe. Punje zikiwa chache kura haina madhara makubwa. Zikikaribia kilele, kura moja inatosha kuzaa foleni.

Mchezo huu mdogo uliwekwa kwenye kompyuta na ukawa msingi wa utabiri wa hali ya barabara kuu katika jimbo la North Rhine-Westphalia. Mimi hunifurahisha kwamba kitu kinachoweza kuchezwa sakafuni kilitosha kueleza barabara za Ujerumani.

Trafiki na taa

Swali linaloulizwa sana na wakazi wa Dar es Salaam ni kwa nini trafiki huzima taa akaruhusu upande mmoja kwa dakika nyingi. Watu wengine hudhani ni ubishi. Kuna hesabu upande wake, nayo inastahili kuelezwa kwa haki. Kila zamu ya kupita inapobadilishwa, sekunde kadhaa hupotea: wa upande huu wanamalizia kupita, wa upande ule wanaanza kuondoka. Tuseme ni sekunde tano kila badiliko, na pande ni mbili, kwa hiyo sekunde 10 katika kila duru. Duru ikiwa ya dakika moja, muda unaotumika ni sekunde 50 kati ya 60, yaani asilimia 83. Duru ya dakika mbili inatumia asilimia 92. Trafiki anayefanya duru ya dakika 10 anatumia asilimia 98. Kwa kipimo hicho, trafiki ameshinda.

Lakini angalia hatua ya mwisho ilivyopata kidogo. Kutoka dakika moja kwenda mbili tulipata asilimia tisa. Kutoka dakika mbili kwenda kumi tumepata sita. Na gharama yake iko nyuma, mahali ambapo trafiki haoni. Upande uliosimamishwa dakika tano, kama magari yanafika 800 kwa saa, unakusanya magari 67 katika kila mstari, ambayo ni zaidi ya nusu kilometa. Ungesimamishwa dakika moja ungekusanya 13, kama mita 110. Nusu kilometa mara nyingi inafika kwenye makutano ya nyuma na kuyaziba, na hapo wanakwama hata wale ambao hawakuwa na safari ya huku. Trafiki wa makutano ya nyuma naye anashika upande wake dakika kumi ili kumaliza foleni aliyoletewa. Aidha, upande uliofunguliwa ukishamaliza foleni yake, unaendelea kufunguliwa kwa magari yanayofika moja moja, na barabara inakaa nusu tupu mbele ya macho ya wanaosubiri.

Mwingereza F. V. Webster alitoa mwaka 1958 kanuni ya kutafuta urefu wa duru unaopunguza kusubiri kuliko yote, na bado inafundishwa. Haihitaji taa za kisasa. Trafiki mwenye saa ya mkononi na redio ya kuwasiliana na mwenzake wa makutano ya jirani anaweza kuifuata. Ninachoamini ni kwamba tatizo halimo kwa askari aliyesimama juani. Kazi yake inahukumiwa kwa makutano moja wakati foleni ni ya barabara nzima.

Kupanua

Sasa tuje kwenye mkutano wa wananchi na alama ya X.

Mwaka 2018 ilifunguliwa barabara ya juu ya TAZARA, iliyopewa jina la Mfugale, na Februari 2021 zikafunguliwa barabara za ngazi tatu za Ubungo, zilizopewa jina la Kijazi. Barabara ya Morogoro ilipanuliwa kwa kilometa zipatazo 19, kutoka Kimara hadi Kibaha. Anayekumbuka mataa ya Ubungo ya zamani hawezi kusema hakuna kilichobadilika. Modeli inatukumbusha jambo moja tu hapa: mtiririko wa barabara nzima hutawaliwa na mahali pake pembamba kuliko pote. Ukipanua hapo, panapofuata kwa wembamba ndipo foleni inapohamia, na inaweza kuwafikia watu ambao hawakuwa nayo.

Jambo la pili ni kwamba magari yanayotabiriwa kwa miaka 20 ijayo hayaji yenyewe kama mvua. Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba barabara kuu zinapoongezwa, kilometa zinazoendeshwa huongezeka karibu kwa kiwango hicho hicho. Watu huhamia mbali zaidi, hununua magari, huacha basi. Nisingependa tuubebe utafiti huo kama ulivyo. Marekani karibu kila mtu mzima ana gari, na hapa kwetu wengi wanatembea kwa miguu au wanapanda daladala. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na watu milioni 4.4 katika sensa ya 2012 na milioni 5.4 katika ile ya 2022, na watu hao wanahitaji kupita mahali. Lakini modeli inayodhani idadi ya magari itakuwa ile ile, barabara ijengwe au isijengwe, imeshahukumu kesi kabla ya kusikiliza.

La tatu ni la ajabu, na lilionyeshwa mwaka 1968 na mwanahisabati wa Ujerumani, Dietrich Braess. Kuongeza barabara kunaweza kumchelewesha kila mtu. Tuseme magari 3,000 yanatoka mtaani kwenda mjini na kuna njia mbili. Njia ya kaskazini inaanza na daraja jembamba, kisha barabara pana ya dakika 35. Njia ya kusini inaanza na barabara pana ya dakika 35, kisha daraja jembamba. Daraja huchukua dakika moja kwa kila magari 100 yanayolitumia. Madereva wanajigawa sawa, 1,500 kila upande, na kila mmoja anatumia dakika 15 darajani na 35 barabarani: dakika 50.

Kisha inajengwa barabara ya mchepuko katikati (nazungumzia barabara, idara ya ndoa na familia isinielewe vibaya), inayounganisha mwisho wa daraja la kwanza na mwanzo wa daraja la pili kwa dakika mbili. Dereva wa kwanza anayeitumia anafurahi: 15, mbili, 15, jumla dakika 32. Wenzake wanamwona. Wote 3,000 wakishahamia huko, kila daraja linachukua dakika 30, na safari imekuwa 30, mbili na 30, yaani dakika 62. Hakuna anayeweza kujiokoa peke yake, maana akirudi kwenye barabara pana atatumia 30 na 35, yaani 65. Kila mmoja amechagua vizuri kwa nafsi yake, na wote wamepoteza dakika 12.

Hii haina maana kwamba kila mchepuko ni mbaya. Mingi inasaidia. Ila haiwezi kujulikana kwa kutazama ramani tu. Jiji la Seoul nchini Korea Kusini lilianza mwaka 2003 kubomoa barabara ya juu iliyokuwa imefunika mto Cheonggyecheon, likaimarisha mabasi, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa ukiwa bustani. Waliotabiri kwamba jiji lingekwama hawakuliona likikwama.

Tunahesabu nini?

Hadi hapa nimehesabu magari, kama modeli nyingi zinavyofanya. Mstari unaopitisha magari madogo 1,800 kwa saa, kila moja na watu wawili, unapitisha watu 3,600. Mstari huo huo ukipitisha basi refu lenye watu 140 kila dakika moja unapitisha 8,400, na muda mwingi unaonekana mtupu. Hiyo ndiyo hesabu iliyozaa mwendokasi, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Dereva aliyekwama kwenye foleni akitazama njia ya mwendokasi ikiwa tupu anaona upotevu. Anayehesabu watu anaona tofauti, ilimradi mabasi yaje.

Nako kuja kwa mabasi kuna modeli yake. Basi likichelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi kituoni, hivyo linachelewa zaidi kupakia, wakati la nyuma linakuta wachache na kulikaribia. Gordon Newell na Renfrey Potts walilieleza jambo hili mwaka 1964. Mabasi yaliyoondoka kila dakika 10 yanaishia kufika mawili mawili kila dakika 20. Idadi ya mabasi haijapungua hata moja, lakini abiria aliyekuwa anasubiri wastani wa dakika tano sasa anasubiri kumi, na basi la kwanza limejaa mpaka mlangoni wakati la pili lina viti vitupu. Dawa yake ni kulizuia basi la nyuma kituoni kwa dakika chache, jambo ambalo abiria walio ndani hulipigia kelele.

Basi mtaalamu atakapoonyesha michoro yake na kuuliza kama kuna swali, lipo. Magari ya miaka 20 ijayo yamehesabiwa kwa dhana gani, na barabara isipojengwa yatakuwa mangapi? Panapofuata kwa wembamba baada ya hapa ni wapi? Modeli imehesabu magari au watu, na watembea kwa miguu wamo? Je, imejaribiwa kwanza kama inaweza kueleza foleni ya leo, kabla ya kutabiri ya kesho? Na kabla ya nyumba, je, vituo, taa na zamu za trafiki vilijaribiwa katika modeli hiyo hiyo?

Hilo la nne mtaa unaweza kulipima wenyewe. Vijana wawili wakae pembeni mwa barabara kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, siku ya katikati ya juma, isiwe ya sikukuu wala ya mvua kubwa. Mmoja ahesabu magari yanayopita katika kila dakika 15, akitenganisha madogo, daladala, malori, bajaji na pikipiki. Mwingine apime kila baada ya dakika tano gari moja linatumia sekunde ngapi kati ya nguzo mbili za umeme ambazo umbali wake umepimwa kwa kamba. Mwendo kwa saa ni mita hizo zidisha kwa 3.6, gawanya kwa sekunde. Ukigawanya idadi ya magari ya saa moja kwa mwendo huo, na kwa idadi ya mistari ya barabara, unapata wingi wa magari katika kilometa, na utajua mko upande gani wa kilima. Karatasi hizo zipigwe nakala mbili, moja ibaki ofisi ya mtaa.